Matundu Niliyoyaziba

Mwenye boti alikuwa mtu wa viatu vyeupe. Wapumbavu nimewaona wengi katika bandari ya Kalemie, na baadhi yao nimekula nao sahani moja, lakini mtu wa kuvaa viatu vyeupe kwenye boti la mbao linalobeba ng'ombe sijamwona mwingine.

Mimi ni seremala wa maboti. Boti lake lilikuwa na matundu chini ya ukuta wa sitaha, sita kila upande, kila moja upana wa ndoo. Kazi ya matundu hayo hata mtoto wa pwani anaijua: wimbi likiruka ukuta na kumwagika ndani, maji yatoke upesi. Pipa moja la maji ni kilo mia mbili, na ziwa letu likikasirika halimwagi pipa moja. Maji yakibaki juu, boti linakuwa beseni lililojaa, linayumba na kuchelewa kusimama wima tena.

Basi ng'ombe mmoja wa milima ya Pepa, aliyepakiwa kwenye bandari ya Moba, akaingiza mguu tunduni ukavunjika. Mwenye boti akaniita.

"Fundi, funga ile matundu yote."

"Papa, upepo ya kusini ikipiga, maji itatokea wapi?"

"Boti yangu njo kubwa. Wimbi haiwezi kuipanda."

Alisema hivyo akiwa nchi kavu, mkono mfukoni. Nilimdharau mpaka nikasikia raha. Kisha nikachukua nyundo. Ndiyo, nilifunga. Nilipima mbao, nikapigilia, nikajaza nyufa kwa pamba na lami, na kwa kuwa najivunia kazi yangu hata ikiwa ya kijinga, sikuacha upenyo wa kupita sisimizi.

Wiki chache baadaye nilimfuata mama yangu kijijini Mpala, nimlete mjini kutibiwa macho. Alikuwa haoni tena ila mwanga na vivuli. Boti lililotokea kutuchukua lilikuwa lile lile, na mwenyewe akiwamo. Ningeweza kukataa. Nikaona ziwa limetulia, nikampandisha.

Mchana upepo wa kusini ukaamka. Wimbi la kwanza liliangukia sitaha ya mbele kwa kishindo, likang'oa mlango wa chumba cha nahodha. La pili likalikuta la kwanza bado limo ndani, halina pa kutokea. Boti likalala upande, likakaa hivyo. Mama alikuwa ameketi, ameshika kamba kwa mikono miwili, maji yamemfika kifuani, anauliza niko wapi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nikanyakua shoka la kupasulia kuni za mpishi, nikaanza kuzipiga mbao zangu. Zilikataa. Kazi nzuri, laana ya kazi nzuri! Mwenye boti akatoa kichwa pale mlango ulipokuwa.

"Fundi, acha! Ngombe zitavunjika miguu!"

Siku hiyo hatukubeba hata ng'ombe mmoja. Ng'ombe alikuwa yeye, nami niliyemtii nilikuwa ndama wake.

Mbao ya kwanza ikapasuka, halafu ya pili, halafu ya tatu. Maji yakatoka kwa nguvu, yakaondoka na magunia mawili ya muhogo na kiatu kimoja cheupe. Boti likainuka taratibu. Nilifika kwa mama kwa magoti, nikavunja na mbao ya tundu la pembeni mwake kwa shoka na mateke.

Tulipofika Kalemie, mwenye boti alishuka na kiatu kimoja, akiwaeleza watu jinsi boti lake lilivyo imara. Mama alikaa juu ya jiwe akikamua kitenge chake.

"Ile mbao ya kufunga matundu," akauliza, "njo nani aliipigilia?"

"Sijue, Mama."

Akafyonza. "Huyo muntu, mama yake alizala bure."

Nikamshika mkono kumwongoza kuelekea mjini. Nilishukuru kwamba macho yake yalikuwa bado hayajatibiwa.