Kamera Nyembamba ya Papa Bénie

Adolphe, ambaye tunamwita Papa Bénie kwa jina la binti yake, ni mtu wa kubishana naye. Ukikubaliana naye anakosa raha. Ni mpiga picha kutoka Bukavu, na studio yake hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, imepakana ukuta na banda langu la kukaangia maandazi, kwa hiyo habari zake nazijua nitake nisitake. Siku hizi hata watoto wanapiga picha kwa simu, lakini kwake simu ni ya kuongelea. Mpiga picha lazima awe na kamera, na mteja lazima asimame wima, kidevu juu, mikono chini, meno ndani. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na bwana mmoja wa Kadutu, kule kwao Bukavu, na amevuka mipaka yote hii na masharti yale yale kichwani.

Kamera yake kubwa ilipokufa, alishuka Lilongwe, soko la Old Town, kutafuta nyingine. Alirudi na kidude chembamba cha rangi ya fedha, cha mtumba, kinachoingia kwenye mfuko wa shati. Nilicheka mpaka maandazi yakaungua.

"Papa Bénie, iyi njo kamera ao ni kipande ya sabuni?"

"We cheka tu, Mama Ntwari. Mi nitaijaribu kwanza, nijue tabia yake. Kisha nitakuambia kama iko muzuri."

Akaijaribu kweli, kama mtu anayemchunguza mkwe. Juani kioo chake hakikuonyesha kitu, ikabidi aingize kichwa ndani ya koti lake ili aone amepiga nini, na watu wakamcheka. Kanisani flashi iliwamulika wa mbele wakang'aa kama wamepakwa mafuta, na wa nyuma wakabaki gizani. Betri ilichoka kabla ya mahubiri. Lakini nje, kwenye kivuli chepesi, picha zilitoka safi, hata maua madogo ya kitenge unayaona. Kwa bei aliyoinunulia, alisema, hawezi kuitukana.

Kulikuwa na kasoro moja tu iliyomkera. Ukibonyeza, kamera inalia "pii" kwanza, inajipanga, halafu baada ya muda kidogo ndipo inapiga. Watu wetu wakisikia ile pii wanajua imekwisha. Wanashusha kidevu, wanacheka, wanageuka, na hapo ndipo kamera inawakamata. Mimi kwenye picha yangu nilitoka ninajikuna shingo. Adolphe alitafuta pa kuizima sauti ile, lakini maneno ya ndani ya kamera yalikuwa ya lugha ambayo hapa kambini hatukumpata wa kuisoma.

"Si uambie bantu bangoje?" nikamwambia.

"Client hafundishwi, Mama Ntwari. Client anapigwa photo."

"Basi utakuwa na ba photo ya bantu banajikuna."

Akaninunia siku nzima. Tangu hapo akawa anatazama kila picha papo hapo, na isiyomridhisha anaifuta mbele ya mwenyewe. "Imeharibika. Rudi, simama tena." Mimi zile zilizoharibika nilizipenda. Zilikuwa na watu ninaowajua. Nilimwambia hivyo, akasema nishughulike na mafuta yangu.

Sasa Bénie. Ndiye mtoto wake pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Aliolewa na Narcisse, kijana mpole ambaye faili la familia yao la kuhamishiwa ng'ambo lilikuwa limelala miaka, kisha ghafla likaamka: Kanada. Bénie alikuwemo ndani ya faili hilo. Baba yake hakuwemo, na faili lake mwenyewe hakuna anayejua liko kabati gani. Kila mtu alielewa maana yake, ila hatukuisema mbele yake. Yeye akawa na wazo moja tu.

"Nitamupiga photo moja ya heshima," aliniambia. "Nikizeeka, njo nitakuwa naangalia."

Asubuhi ya safari basi lilisimama karibu na kanisa, tayari kuwapeleka uwanja wa ndege Lilongwe. Watu walikuwa wamekumbatiana, wengine wanalia, wengine wanaimba. Adolphe akamtenga binti yake pembeni, akamsimamisha mbele ya ukuta wa kanisa penye kivuli, akamnyoosha kola. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa Bénie.

Pii. Bénie akafungua mikono akamjia baba yake. Kamera ikapiga. Adolphe akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Imeharibika. Rudi, Bénie."

Akaifuta. Bénie akarudi ukutani huku akicheka. Pii, na akamjia tena, mikono wazi.

"Rudi! Usisogee!"

Mara ya tatu hakuwa anacheka tena. "Papa, acha kwanza..."

"Moja tu, mama. Rudi."

Basi likapiga honi. Bénie akasimama wima, kidevu juu, mikono chini, na hata baada ya pii hakutikisika. Kamera ikapiga.

"Njo iyi!" Adolphe akasema, akaja kunionyesha mimi. Mimi! Nilipoinua macho, Narcisse alikuwa ameshanipokea mfuko na kumshika mkewe mkono, na afisa anawasukuma ndani ya basi kwa upole. Adolphe alikimbia na kamera mkononi, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Nilitaka kumzaba kofi, mtu mzima na mvi zake.

Picha ile ameitundika studio. Wateja wanaisifu, na kweli ni safi. Mimi siipendi. Nikimwangalia msichana yule naona anangoja ruhusa ya kulia.

Juzi Adolphe aliingia bandani kwangu bila kubisha, akaweka simu mezani, akaniwekea ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya Bénie, na kwa nyuma upepo.

"Papa, iyi photo ulinitumia nimesimama, nimeiona, asante. Lakini unitumie na ile ingine, ile nakuya kwako, mikono wazi. Najua ulisema imeharibika. Haina shida, unitumie vile iko."

Kumbe Adolphe alikuwa ameshakwenda Old Town kwa fundi mmoja, akamwomba azitafute zilizofutwa. Fundi alimwambia picha za harusi alizopiga baadaye zimeandikwa juu ya zile, hakuna kitu kilichobaki. Alikuwa amerudi bila kumwambia mtu.

"Nimujibu nini?" akaniuliza.

Nilimvutia kiti. Nilimwonea huruma, na hasira yangu yote sikuiona tena ilikoenda. Alikaa, akaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Alikuwa anakuya kwangu, Mama Ntwari," akasema. "Mutoto alikuwa anakuya kwangu, na mi nikamwambia rudi."