Mume Wangu Aliponichumbia Mara ya Pili

Mume wangu alipozinduka hospitalini, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Dada, naomba maji."

Nikampa. Nilidhani ni zile dawa. Alikuwa akirudi kutoka kupeleka kahawa Mbinga mjini, mvua imenyesha, pikipiki ikateleza naye mteremkoni, akapiga kichwa kwenye jiwe. Lakini siku zilipita na mimi nikabaki kuwa dada. Alimkumbuka mama yake, alikumbuka nyimbo za kanisani kwao Liuli, kule ziwani, alikumbuka hata kushona nyavu. Miaka yote aliyoishi nami huku milimani ilikuwa imefutika. Binti yetu alipomkumbatia, alimpigapiga mgongoni kwa adabu, kama mgeni aliyepewa mtoto wa watu amshike.

Daktari alisema kumbukumbu huenda zikarudi, huenda zisirudi. Ndugu zangu wakaanza kunipa pole kama mjane. Mimi sikuwa mjane. Mwanamume huyu alinipenda mara ya kwanza bila kushurutishwa na mtu. Sikuona kitu cha kumzuia kunipenda tena.

Kila siku aliuliza, "Mama yuko wapi? Mbona haji kuniona?"

Hakukumbuka walivyoachana. Mama yake hakutaka mwanawe, Mwanglikana wa ziwani, aoe Mmatengo Mkatoliki na kuhamia kwenye baridi. Harusini hakuja. Alimwambia akiondoka asirudi, na mume wangu, mkaidi kama yeye, hakurudi. Binti yetu alikuwa hajawahi kumwona bibi yake.

"Tutakwenda kwa mama," nikamwambia.

Dada yangu alinivuta pembeni. "Unampeleka huko mwenyewe? Asipotaka kurudi je?"

"Nitakaa naye hukohuko."

Tulipanda basi mpaka Mbamba Bay, tukaunga gari jingine la Liuli. Ziwa lilipojitokeza mbele yetu, alinishika mkono kwa furaha. "Dada, tazama! Nyumbani!" Hakuuachia upesi, nami sikumkumbusha.

Tulimkuta mama mkwe akianika usipa, vile vidagaa vya ziwani, kwenye chanja. Mume wangu alimwendea moja kwa moja.

"Shikamoo mama. Nina njaa."

Kana kwamba alitoka asubuhi ileile. Mama alisimama na ungo mkononi, akamtazama yeye, kisha mimi. Nikapiga goti, nikamwamkia. Alichelewa kuitikia, lakini aliitikia. Ndipo nikamweleza habari ya ajali.

"Hakumbuki tuliyoambiana?"

"Hakumbuki, mama."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akakaa chini mchangani. "Mimi nayakumbuka yote," alisema, akalia. Alipomaliza kulia alimwita binti yetu, akamgeuzageuza kidevu, akasema ni cha babu yake kabisa. Kisha akaingia jikoni kusonga ugali wa muhogo.

Tulikaa naye wiki nyingi. Mimi samaki nilikuwa nawanunua wakiwa wameshakauka, kuwapara sikujua. Siku moja mume wangu alinitazama nikihangaika na mbasa mkubwa, akaninyang'anya kisu.

"Nani huyo aliyekuoa asikufundishe kupara samaki?"

"Wewe."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Tangu siku hiyo akawa anauliza. Tulikutana wapi? Nilimwambia: sokoni Mbinga, ulileta usipa, ukanijazia kapu mpaka wenzako wakakuzomea. Nilisema nini? Hukusema kitu, ulitokwa jasho tu. Alisikiliza kama anayesimuliwa habari za rafiki anayempenda. Na "dada" ikakoma. Hakuniita jina wala chochote. Aliniangalia tu, akaanza kuzungumza, na jasho lilikuwa lilelile.

Jioni moja, tukirudi kutoka kuchota maji, alisimama njiani.

"Sikumbuki nilivyokuchumbia. Lakini nakutaka. Naruhusiwa?"

"Kamuulize mama," nilisema, nikitania.

Akaenda kweli. Mama mkwe alimsikiliza, akafunga kanga yake vizuri. "Safari hii," akasema, "nitakwenda kwao mwenyewe."

Akaja. Hakuwahi kupanda milima hii maishani mwake. Alifika kwa wazazi wangu na kapu la samaki wakavu, akasimama mbele ya baba yangu akitetemeka kwa baridi, akasema, "Baba, nilikosea. Mtoto wenu ni mtoto wangu." Baba alilipokea kapu. Alimpa blanketi, akamvutia kiti karibu na moto.

Kumbukumbu za mume wangu hazikurudi. Picha ya harusi yetu huitazama kama ya watu wengine, na husema koti la bwana harusi lilikuwa kubwa mno. Binti yetu humwita baba, naye huitika. Msimu wa kuchuma kahawa mama mkwe hupanda kutusaidia, analalamikia baridi kutwa nzima, na kila akitaka kuondoka humwomba mwanawe amsindikize mpaka Liuli. Twende sote, husema mume wangu, na huwa tunakwenda.