Majembe Mlangoni mwa Maktaba

Watu wa Same mjini wakiona magari yenye matope ya safari yamepanga foleni kupanda milimani, wanajua Desemba imefika na Wapare wanarudi kwao. Mimi sina gari, lakini sijawahi kukosa. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nimeishi Tunduma, Geita, Kilwa na miji mingine ambayo nakumbuka majina yake kuliko sura zake. Nimebeba mizigo, nimeuza simu, nimelinda maghala ya watu. Kila mwisho wa mwaka hurudi kijijini, hukaa siku chache nikinusa ukungu na moshi wa kuni mbichi, kisha miguu huanza kuwasha.

Mwaka jana nilipofika nilimkuta mama mdogo mlangoni mwa maktaba, kapanda juu ya stuli, anabandika bango.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Shika upande huo, unaning'inia."

Ndivyo alivyonipokea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa nimekaa jikoni kwake natoa mawe kwenye maharage ya makande. Alipofiwa na mume aliomba chumba kimoja katika jengo la zamani la ushirika, lile lililokuwa likihifadhi kahawa enzi za utoto wetu, akaingiza vitabu vyake na vile alivyoomba kwa kila aliyerudi kutoka mjini. Rafu zilikuwa mbao za masanduku. Ukiingia mvua ikinyesha, harufu ya kahawa bado ilitoka ukutani.

Bango lilisema kwamba wiki nzima kabla ya Krismasi kutakuwa na usomaji wa hadithi, kuchora kadi, na mchana mmoja wa wazee kuwasimulia watoto mambo ya zamani kwa Chasu, lugha yetu Wapare. Chini, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika: WATU WAZIMA MNAKARIBISHWA SANA. Neno "sana" alilipigia mstari mara mbili.

Nilimuuliza kwa nini mara mbili.

"Kwa sababu mwenyekiti wa kijiji amesema chumba ni cha watu wote, na watu wote hawaji. Wanakuja watoto tu. Wakulima wanataka mahali pa kuweka tangawizi. Amenipa mpaka sikukuu. Akiona watu wazima wanakitumia, kinabaki. Asipoona, nakabidhi ufunguo."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesoma ratiba ya mtihani. Nikajua ameshalia mahali pengine.

Siku za mwanzo watoto walijaa. Wale wa kijijini walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wale waliokuja na wazazi wao kutoka mjini waliingia navyo, wakaangalia kwanza kama kuna mahali pa kuchaji simu. Mama mdogo alisoma, akawasomesha, akawakatia karatasi za kadi. Walichora ng'ombe wa horini wenye nundu kama ng'ombe wetu. Watu wazima walipita barabarani. Huyu anakwenda mazoezi ya kwaya, huyu anavuta mbuzi, yule kabeba bati la nyumba anayoijenga kidogo kidogo kila Desemba. Walisalimia kwa heshima kutoka barabarani.

"Mwalimu, kazi njema!"

"Karibuni ndani!"

"Tutakuja, Mwalimu, tutakuja."

Aliomba tangazo kanisani. Lilisomwa mwishoni kabisa, baada ya michango na harusi, watu wakiwa wameshainuka. Mchana wa wazee walikuja bibi wawili tu, na mmoja alikuwa amekuja kumtafuta mjukuu wake. Mama mdogo aliwapa chai. Baadaye alifagia chumba ambacho hakikuwa kichafu, akaniambia, "Twende kwa mzee wa baragumu."

Huko kwetu kuna msaragambo. Mfereji ukibomoka, au ndiva, lile bwawa la kuhifadhi maji ya kumwagilia, likijaa tope, mzee mmoja hupuliza pembe ya tandala alfajiri, na kila nyumba hutoa mtu. Asiyekuja hutozwa kuku, na aibu yake humaliza mwaka. Ukishaitwa huwezi kurudi nyumbani mpaka kazi iguswe. Nimepita nchi hii yote na sijaona kitu kingine kinachoweza kumtoa Mpare kitandani siku mbili kabla ya Krismasi.

Mzee tulimkuta uani, ugoro mkononi. Alimsikiliza mama mdogo mpaka mwisho.

"Baragumu si kengele ya shule," alisema.

"Huita watu kwenye kazi ya wote. Au sivyo, baba?"

"Ndivyo."

"Na kusoma si kazi?"

Alivuta ugoro, akapiga chafya, akafuta macho. "Mimi najua wito mmoja tu, Mwalimu. Nikipuliza, wanasikia jembe. Usije ukanilaumu."

"Puliza. Wakifika nitawaeleza."

Asubuhi ya pili yake baragumu lilinguruma kutoka kilimani, mara tatu ndefu. Nilikuwa nimesimama na mama mdogo kwenye mlango wa maktaba, yeye kavaa gauni la kanisani na kushika kitabu cha hadithi alichokwisha kuweka alama. Tuliwaona wakishuka. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na kila mmoja aliamini mfereji wa juu umekatika. Walikuja na majembe, sururu, mapanga na makarai. Akina mama walikuja na sufuria za makande kichwani, kwa sababu msaragambo haufanywi kwa njaa. Waliorudi kutoka mjini walikuwa wameazima mabuti yasiyowatosha. Mzee wa baragumu alitembea mbele, akaongoza mpaka mlangoni petu, akasimama.

"Mfereji uko wapi?" mtu aliuliza.

Mama mdogo aliwaeleza. Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Nimeacha mbuzi kaning'inia, nusu ana ngozi, nusu hana. Kumbe nimekuja kusomewa hadithi ya sungura!"

Walicheka. Mwingine akainua jembe lake juu. "Mwalimu, hili langu lipo darasa la ngapi?"

"Na huyo mtalii wetu naye kakusaidia kutudanganya?" Hapo walikuwa wananisema mimi. Huniita mtalii kwa sababu naja, naangalia milima, naondoka.

Baadhi waligeuka kuondoka. Mzee wa baragumu alisogea akasimama katikati ya njia. Hakupaza sauti. "Pembe imelia. Hakuna anayerudi na jembe kavu."

Basi walibaki, kwa ajili ya pembe, si kwa ajili ya Mwalimu. Mama mdogo alilijua hilo, lakini alifungua kitabu, akasoma. Chumba hakikutosha, wengi walisimama nje madirishani, wameegemea mipini. Alisoma kwa ile sauti ya darasani isiyo na haraka. Nilimwona mwanamume wa makamo, fundi wa magari mjini, ambaye zamani alichapwa na mama mdogo kwa utoro, akivua kofia. Mama mdogo aliposoma kurasa chache alimpa kitabu binti mdogo aliyekuja kutoka Dar, naye akaendelea, akijikwaa, babu yake akimfuata kwa midomo. Nilidhani tumeshinda. Nadhani na mama mdogo alidhani hivyo, maana alinitazama mara moja, haraka, akarudisha macho chini.

Mwenyekiti alingoja ukurasa uishe. Ni mtu mwema. Alikuwa mwanafunzi wake pia.

"Mwalimu, shikamoo tena. Niseme ukweli mbele ya watu?"

"Sema, mwanangu."

"Hawa wamekuja kwa sababu ya mfereji. Kesho ukifungua mlango bila baragumu, hawatakuja. Na tangawizi ya mwaka jana iliozea nje. Siwezi kuhesabu siku hii."

Nilingoja watu wapinge. Walitazama vidole vya miguu yao. Kila mmoja alikuwa na tangawizi.

Mama mdogo alichukua kitabu kutoka kwa yule binti, akakifunga, akakishika kifuani kwa mikono miwili. Nilisogea karibu, nikidhani ataanguka. Alichofanya ni kutoa ufunguo mfukoni na kumpa mwenyekiti palepale.

"Umesema kweli," alisema. "Lakini nimewaita kwa baragumu, na kazi yangu hamjaifanya. Njooni."

Alitutangulia, na gauni lake la kanisani, mpaka nyumbani kwake, mwendo wa kuteremka kidogo. Kando ya nyumba, chini ya migomba, lipo kaburi la mume wake. Pembeni yake pana kipande cha ardhi kilichosawazishwa, kisafi, kisichopandwa kitu. Wote tulijua kipande kile ni cha nani. Kwetu mke hulazwa kando ya mumewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipalilia pale kila Jumamosi.

"Chimbeni msingi hapa," alisema. "Chumba kimoja. Hiki hakuna atakayekuja kukidai."

Hakuna jembe lililoinuka. Bibi mmoja, aliyeimba naye kwaya tangu wakiwa wasichana, aliweka sufuria yake chini.

"Na wewe tutakulaza wapi, dada?"

"Mtajua wenyewe. Siku hiyo mimi sitakuwa na haraka."

Walitaka kucheka, hawakuweza. Bibi yule alijifunika uso kwa kitenge. Mwenyekiti alitazama ufunguo mkononi mwake kana kwamba umempata kwa bahati mbaya. Kisha akavua koti, akaazima jembe la mtu, akapiga la kwanza.

Tulichimba mpaka mchana. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, mwekundu, na kila mara mtu alipofika upande wa kaburi alipunguza nguvu, akachimba polepole kama anayeogopa kuamsha aliyelala. Fundi wa magari alivuta kamba na kupima pembe. Watoto walibeba mawe kutoka mtoni. Tulikula makande tumesimama, hatukuzungumza sana. Mwenye mbuzi wake hakuondoka mpaka mwisho. Ilipoanza mvua, mzee wa baragumu alitazama mtaro, akatikisa kichwa.

"Haijaisha. Nitaita tena."

"Lini, baba?" mama mdogo aliuliza.

"Mkirudi wote. Kuta si kazi ya wachache."

Yaani Desemba nyingine. Yeye alikubali kwa kichwa tu.

Baada ya mwaka mpya magari yalishuka, kijiji kikabaki na wenyewe. Nilimsaidia kuhamisha vitabu sebuleni kwake. Vilijaa juu ya makochi, akabaki na kiti kimoja cha kukalia. Kule kwenye maktaba, magunia ya tangawizi yaliingia, na kwa mara ya kwanza harufu ya kahawa haikusikika tena. Siku yangu ya kuondoka alinipa vitumbua kwenye karatasi, kama siku zote. Hakuniambia nibaki. Hajawahi.

Sasa niko Mpanda, nalinda ghala jingine. Ananipigia Jumapili jioni. Anasema mvua za masika ziliujaza msingi maji, yakakauka, na kwamba amepanda magimbi pembeni ili udongo usiporomoke. Anasema watoto wakitoka shule huazima kitabu sebuleni, wanakwenda kukaa ukingoni mwa msingi, miguu imening'inia ndani, wanasoma, na ikibidi kumwita mmoja wao kula, anamwita kupitia dirishani. Saruji wameahidi wengi. Mifuko miwili imefika.

Juzi sauti yake ilikuwa na kifua. Nilimuuliza kama amekwenda zahanati, akasema ni baridi tu ya milimani.

"Mwanangu," alisema, "mwaka huu utakuja lini?"

Katika miaka yote hii ya kuja na kwenda, hakuwahi kuniuliza swali hilo. Nimekwisha kumwambia mwenye ghala atafute mlinzi mwingine.