Siku Nilipomwandika Mama Mkwe Kuwa Mwanaume

Nimekaa na hii aibu karibu mwaka mzima, na nikiwasimulia leo si kwamba imepoa, ni kwamba watu wa kijiji chetu cha Tulia wanaisimulia vibaya na kuongeza vitu ambavyo havikuwepo, kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwa aliyeharibu mwenyewe. Mimi ndiye nilimwandika mama mkwe wangu kuwa mwanaume, nikatia sahihi, halafu nikabandika karatasi kwenye ukuta wa poshomili, pale sote tunaposagia unga, ili kila mtu aone.

Ilikuwa hivi. Kijijini kwetu tuliunda kamati ya mradi wa maji, watu tisa, mimi nikiwa karani (nina mwandiko mzuri, sifa nyingine sikuwa nayo), na kaunti ikasema haitatuchimbia kisima mpaka tujaze fomu ya kila mwanakamati kuonyesha kwamba hakuna jinsia iliyozidi thuluthi mbili, yaani kati ya watu tisa wanawake wasipungue watatu. Chini ya fomu kulikuwa na maneno madogo madogo ya sheria, ati karani anathibitisha kwamba kila mtu ameelezwa kwa nini anaulizwa jinsia yake na kwamba amejibu mwenyewe. Nilicheka. Nani anazunguka kijiji akiuliza watu wazima kama wao ni wanaume ama wanawake? Na mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima zetu sisi Wakamba hata kumtazama usoni nikiongea naye ni kazi, sembuse kumuuliza swali kama hilo.

Kwa hivyo nikachukua majina tisa vile yalivyokuwa kwa daftari, nikampelekea Jemima mwenye duka la saiba hapo sokoni, anayejazia watu fomu kwa kompyuta, nikamwambia, "Hapo kwa jinsia jaza tu vile jina linasema."

Sasa Jemima ni mtu wa Mukuyuni, alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu kwetu, hajawajua watu. Akaona Kyalo Nzioka, akaandika mwanaume, kwa sababu Kyalo wote anaowajua ni wanaume. Akaona Mwendwa Mutua, akaandika mwanamke, kwa sababu dada yake anaitwa Mwendwa. Kumbe Kyalo Nzioka ni mama mkwe (mimi jina lake la kitambulisho sikuwa nimewahi kulitamka, kwangu yeye ni Mama, basi), na Mwendwa Mutua ni shemasi wa kanisa letu, mtu wa ndevu mpaka kifuani. Mimi nilihesabu tu. Wanaume sita, wanawake watatu. Hesabu ikakubali, nikathibitisha mara tisa kwamba niliwauliza wote, nikatuma kaunti, na kwa kiburi changu nikabandika nakala pale poshomili.

Siku ya mkutano afisa wa kaunti alikuwa anakuja kutuidhinisha. Tulikutana uwanja wa shule, wanaume wamekaa mbele kwa viti, wanawake wako nyuma ya madarasa wanampikia mgeni muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Mama mkwe akafika na leso yake, akapita jikoni kama hapaoni, akaja akaketi safu ya kwanza katikati ya wazee.

Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mama Mumbua, si wanakungoja jikoni?"

"Mimi ni mwanaume," akasema. "Iko kwa ukuta. Nangoja chai hapa kama nyinyi."

"Na jikoni nani atasimamia?"

"Muulizeni shemasi."

Wanawake walikuwa wameshamfuata shemasi. Maskini, ni mtu anayeheshimu sana karatasi za serikali, na akaogopa akikataa atatukosesha kisima, basi akavuliwa koti, akafungwa leso kiunoni, akapewa kisu na rundo la kabichi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya bendera nikijifanya naandika.

Afisa alipofika (mama mmoja mpole kutoka Kitui mjini), akafungua faili yake akasema wanawake wa kamati wasimame. Wakasimama wawili, na shemasi akiwa na kisu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Afisa peke yake hakucheka.

"Karani ni nani?"

Nikasimama.

"Uliwauliza hawa watu?"

"Nilikuwa najua, madam."

"Ulikuwa unajua nini?"

Akanieleza polepole, mbele ya watu wote, kwamba jinsia ya mtu haikisiwi kutoka kwa jina, anaulizwa mwenyewe, anaambiwa inatumika wapi, anaruhusiwa kukataa kujibu, na sheria inaiweka na habari nyeti ambazo hazibandikwi poshomili. Akanipa wiki moja nirudie fomu zote nyumba kwa nyumba. Nikishindwa, kisima kinaenda Matinyani.

Wenzangu saba waliniandikia wakicheka. Kwa mama mkwe nilienda mwisho kabisa. Nilisimama hapo mlangoni, kofia mkononi, macho kwa kuku, mpaka akachoka.

"Uliza, Baba Mutheu."

"Mama," nikasema, na jasho linanishuka mgongoni, "wewe ni mwanaume ama mwanamke?"

"Kuna mahali pa kusema sitaki kusema?"

"Iko."

"Weka hapo."

Bila yeye tunabaki na wanawake wawili na kisima kimeenda. Ikabidi nimweleze kitu ambacho sikuwa nimemweleza mtu yeyote, kwamba sheria inataka wanawake wawe kwa kamati ndio wasikizwe maji yakigawanywa.

"Wasikizwe," akasema. "Tumekuwa na mikutano mingapi?"

"Sita."

"Leta hilo daftari unisomee nilichosema."

Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Kila siku aliongea, nakumbuka vizuri, ndiye alisema tangi lisiwekwe kwa shamba la mwenyekiti, na kwa daftari langu la mwandiko mzuri hakukuwa na neno lake hata moja. Chai aliyopika nilikuwa nimeiandika. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaweka alama mwenyewe kwa mwanamke, akanirudishia.

Kisima kilichimbwa, maji yako. Uchaguzi uliofuata walimpa yeye uenyekiti na mimi wakaniacha karani, nafikiri kama adhabu. Kila mkutano ukiisha ananiambia nisimame nisome yote niliyoandika, na nikiruka jambo la mtu yeyote ananirudisha mwanzo. Nimeapa sitamjazia tena mtu hata kijisanduku kimoja. Fomu ikija, naenda kwa mwenyewe, namweleza ni ya nini, nauliza, halafu nanyamaza mpaka ajibu.