Pate za Ngarenaro Hazipandi Ngaramtoni

Nimezaliwa katikati ya watu wabishi na nimewazoea, lakini kwa wifi yangu Mirlande na baba yangu Mzee Lesian nimenyoosha mikono. Watu wawili hawa wangekuwa mbuzi ningewauza wote siku moja.

Kila Jumamosi nashuka kutoka Ngaramtoni na madumu yangu ya maziwa mpaka Ngarenaro, kwenye bekari ya Mirlande iliyobanana kati ya gereji na duka la vipuri. Bango kaliandika mwenyewe: PATE ZA HAITI. Kabla hajafungua, mafundi wenye mikono ya grisi wameshapanga foleni. Pate yenyewe ni unga uliokunjwa na siagi mara nyingi, ukiuma unakupukutikia kifuani, ndani nyama ya kusaga na pilipili mbuzi ya kukutoa kamasi. Usithubutu kuiita sambusa. Nilithubutu siku moja, nikanyimwa chai.

Mirlande alikuja Arusha kutafsiri Kifaransa mikutanoni, akakutana na kaka yangu Ezra, dereva wa watalii. Tangu amwoe, Ezra yuko Serengeti na wazungu wake, na kesi zote za nyumbani kaniachia mimi. Kesi yenyewe ni moja tu: Baba hamwiti mkwe wake kwa jina lolote. "Mwambie yule mgeni." "Mwulize yule mgeni." Mtoto wao Yiamat ameshaanza shule, na mama yake bado mgeni!

Chanzo ni lango. Kwetu Waarusha, bibi harusi akifika kwenye lango la boma la wakwe haingii. Anasimama, kichwa chini, kimya, hata mvua inyeshe, mpaka wakwe waanze kutaja: mimi nampa mbuzi, mimi nampa ndama. Baba mkwe akimpa kondoo, basi tangu siku hiyo wanaitana Paker, yeye na mkwe wake, kwa ajili ya yule kondoo. Hapo ndipo mtu anakuwa wa nyumba.

Siku ya harusi mvua ilinyesha kweli. Mirlande akafika langoni, akaona watu wamejipanga wanamtazama tu, akadhani wanamwonea huruma. Akasema, "Shikamooni wote," kwa kile Kiswahili chake cha kujifunza, akakunja gauni, akapita moja kwa moja mpaka ndani. Alimpita Baba amesimama na kamba mkononi, na kwenye ile kamba kondoo jike mweupe aliyemchagua mwenyewe. Mama yake angemfundisha, lakini mama yake alikuwa Haiti. Baba akamrudisha kondoo zizini. "Hakungoja," akasema, na mpaka leo hana neno jingine.

Nimembembeleza Baba, nimegombana naye, nimemnunia. Anasema jina halitupwi njiani. Nikamgeukia Mirlande, nikamweleza habari za lango toka mwanzo mpaka mwisho, nikamwomba aende siku moja asimame pale, yaishe.

"Wifi, mimi si ombaomba," akanijibu. "Nisimame kwenye tope nisubiri kondoo?"

Sasa hapo unamwambia nini mtu kama huyo?

Na kinachonipandisha presha zaidi ni kwamba Baba anazipenda pate kuliko mtu yeyote Ngaramtoni. Nikirudi nazo anakwenda kuzilia nyuma ya zizi, wajukuu wasimwone. Hajawahi kuniuliza nani kapika. "Hii mikate ya mjini," anasema, huku anaokota vipande vilivyoangukia kwenye shuka. Ananichosha mzee huyu!

Halafu Jumamosi moja nikakuta maboksi. Trei za bekari zimefungwa, zimebaki mbili tu za kufanyia kazi.

"Mkataba wa chumba unaisha mwezi huu," Mirlande akasema, wala hakunitazama. "Sisaini mwingine. Naenda na Yiamat kwa dada yangu, Kanada. Ezra akitaka atatufuata."

"Kisa kondoo?"

"Jana Yiamat kaniuliza, mama, wewe ni mgeni wa nani?"

Nikanyoosha mkono nichukue pate za Baba kama kawaida, akavuta trei kwake.

"Pate zangu hazipandi tena Ngaramtoni. Anayezitaka aje mwenyewe."

Nilipanda mlima na madumu matupu na hasira zangu. Baba alikuwa ananingoja mlangoni, anajifanya anatengeneza fimbo.

"Mikate iko wapi, Naisula?"

"Hakuna! Na hutaiona tena. Mkweo anahama na mjukuu wako anaondoka naye." Nikampasha yote, na lile swali la Yiamat nikampa vilevile lilivyo. Baba akaendelea kuchonga fimbo yake.

"Huko Kanada kuna ng'ombe?" akauliza.

"Baba!" Nililia kwa hasira, sikufichi. Wiki nzima hatukusemeshana.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa namimina maziwa pale bekari, mara mlangoni kukaingia kiza. Nageuka, namwona Baba, shuka jipya, fimbo mkononi. Nyuma yake barabarani naona pikapu ya jirani yetu Solomoni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga pale.

"Shikamoo, Baba. Karibu ndani," Mirlande akasema.

Baba kimya. Kasimama palepale kizingitini, kichwa kakiinamisha, hajibu wala haingii. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika.

"Mzee, pita basi, au tupishe sisi tununue," fundi mmoja akasema.

Kimya.

"Baba, ingia!" nikamwambia. "Umetoka huko kote kuja kuziba mlango wa watu? Unatuaibisha! Kama umekuja kununa si ungenunia nyumbani?"

"Wifi, nyamaza," Mirlande akasema.

"Ninyamaze? Mimi ndiye ninyamaze?"

"Nyamaza. Amesimama langoni."

Jamani! Mimi niliyemweleza habari za lango ndiye sikuona kitu. Mirlande akafuta mikono kwenye aproni, akaishika trei, akamkabili.

"Sina mifugo, Baba," akasema. "Lakini kila Jumamosi, pate za kwanza kutoka kwenye oveni ni zako."

Baba hakutikisika.

"Na utazilia hapa mezani, mbele za watu, sio nyuma ya zizi."

Mafundi wakacheka. Baba akaingiza mguu mmoja, akasimama tena. Mirlande akamsogezea kiti.

"Na chai atakuletea Yiamat, kwa mkono wake."

Ndipo ukaingia mguu wa pili. Akaketi, akala pate tatu taratibu, anaokota vipande kama kawaida yake, na watu wote wanamtazama mdomoni. Alipomaliza akafuta vidole, akainuka, akatoka nje bila hata asante.

"Umeona?" nikasema, machozi yananilenga. "Umeona mambo yake? Kala, kashiba, kaondoka! Panga maboksi yako wifi, nami nakuja kukusaidia kubeba."

Mirlande hakunisikiliza. Alikuwa ameshafika mlangoni. Nikamfuata, nikaona Baba kafungua nyuma ya pikapu, anamshusha kondoo jike mweupe. Yule wa harusi alishakufa. Huyu alikuwa mjukuu wake, Baba alikuwa anaendeleza kizazi kile zizini na sisi hatujui.

"Njoo umchukue," Baba akasema.

Naye Mirlande, haki ya Mungu, akasimama kizingitini. Akainamisha kichwa, mikono kifuani, hasogei. Pikipiki zinapiga honi, foleni imeharibika, unga uko mpaka kwenye nyusi, na yeye kasimama kimya kama msichana wa kwetu kabisa. Nilitaka kupiga kelele tena. Nikajiuma ulimi.

Baba akamtazama muda mrefu. Kisha akacheka, mzee yule ambaye kucheka anakuhesabia.

"Na mwanakondoo wake wa kwanza," akaongeza.

Hakusogea.

"Na wa pili! Ala! Huyu nani kamfundisha?"

Hapo Mirlande akashuka kizingitini, akaenda mpaka kwenye pikapu. Baba akamwekea kamba mkononi, naye mwenyewe hakuiachia.

"Paker," akamwita.

"Paker," Mirlande akaitika, halafu akalia hadharani, na Baba akawa anamwangalia kondoo tu, maana hajui kumwangalia mtu anayelia.

Mimi nilikuwa nimeshasikia harufu. Pate zilikuwa zinaungua ndani ya oveni na hakuna mwenye habari nazo, wabishi wale wawili wameshikilia kamba moja katikati ya barabara. Nikakimbilia jikoni natukana njia nzima. Trei zile mbili moja ilikuwa mezani imejaa, nyingine iko humo humo kwenye moto, pa kuzimwagia pate hapakuwepo. Nikachana boksi la kwanza, nikatoa trei. Nikachana na la pili, na yote yaliyobaki, bila kumwomba mtu ruhusa.