Asumini Kwenye Basi la Baridi

Basi la ekspresi la Jeddah kwenda Riyadh lilikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Nje jua linachoma, ndani watu wamevaa makoti na wanamlaumu dereva. Ukoo wetu haukulaumu. Sisi Wazanzibari wa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, tulilisifu kama kwamba tumelinunua, maana ndilo lililobeba asumini za mama.

Mama aliletwa Jeddah akiwa mtoto wa kubebwa, lakini bibi alimfundisha kutunga asumini kama walivyofundishwa wasichana wa Unguja. Alichuma matumba alfajiri juu ya dari, yangali yamefumba, akatunga vikuba vya kubandika nyweleni na makoja ya shingoni, nami nikayapeleka Riyadh kwa harusi za jamaa zetu. Tumba la alfajiri hufunguka usiku, ukumbini, pale watu wanapomtazama bi harusi. Likipata joto njiani hufunguka mapema, na bi harusi wa watu akavishwa maua ya kahawia. Kwa hiyo nilikaa siti za mbele, za familia, kikapu mapajani na tundu la kiyoyozi nimeligeuzia kikapu. Mimi natetemeka, asumini zinastarehe. Hakuna harusi hata moja niliyoiharibia, na nalisema hilo bila haya.

Kisha wakaliondoa basi lile. Watu wana magari na ndege siku hizi, walisema.

Haukupita muda akaposwa binti wa kaka yangu anayekaa Naseem, Riyadh. Ndiye mjukuu wa kwanza wa mama kuolewa. Harusi ikaangukia likizo, ndege zimejaa zote. Mke wa kaka akapiga simu.

"Wifi, msijisumbue. Yapo ya plastiki mazuri tu, wala hayanyauki."

Mama alikuwa karibu, akasikia. "Mjukuu wangu avae plastiki? Kwani mimi nimekufa?"

Miguu yake haikuwa tena ya kusafiri. Akatunga, nikabeba, kwa basi la kawaida linalosimama kila mji na kuzima injini.

Kituo cha kwanza tu, joto likaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Nikafunua kitambaa nikaona tumba moja limeanza kulegea. Nilishikwa na hofu ya kweli. Nikashuka mbio hadi dukani, kwenye friji ya vinywaji.

"Mafi, hakuna nafasi," akasema mwenye duka, Myemeni, bila ya kunitazama.

"Ni maua ya bi harusi, ammi. Binti wa kaka yangu."

Akainama kikapuni, akanusa. Akaanza kutoa chupa za maziwa moja moja, akaniwekea kikapu katikati ya friji. Nilisimama mbele ya friji kama askari hadi dereva alipopiga honi mara ya tatu.

Kituo cha pili, kibarua mmoja wa Kibangali aliyekaa nyuma alishuka kabla yangu. Nilipofika dukani alikwisha fungua friji na anagombana na mwenye duka, kikapu kipate nafasi. Cha tatu, mzee wa Kisudani akasimama katikati ya basi.

"Dereva, usizime injini. Tuna harusi."

Basi zima likamuunga mkono, wengine hawajui hata harusi ya nani. Dereva akanyanyua mikono. "Halas, halas!" Injini haikuzimwa tena. Tukaenda hivyo hadi Riyadh, watu wamejifunika mashuka, wala hapana aliyelaumu. Jinsi nilivyojivuna siku ile, ungedhani bi harusi ni mimi.

Ukumbini mke wa kaka alipokea kikapu, akafunua, akaona matumba meupe yamefumba yote isipokuwa lile moja. Akamvisha mwanawe koja kwa mikono yake mwenyewe, pole pole, machozi yanamtoka.

Bi harusi alipokwisha kaa na taa kumwelekea, harufu ikaanza kutembea safu kwa safu. Wanawake wa Riyadh wakageuza shingo kutafuta inakotoka. Nikampigia mama.

"Yanafunguka, mama. Sasa hivi, shingoni mwake."

Nikamsikia anavuta pumzi ndefu kwenye simu, kama kwamba harufu ingemfikia Jeddah.

"Waulize," akasema, "kama wanataka na ya plastiki."