Sarafu Iliyonadiwa Kithimani

Nzilani, binti wa marehemu Ndeti, alikwenda Dubai kufua nguo. Kwa miaka tisa alifua mashuka ya hoteli, akayakausha, akayapiga pasi kwa mashine ndefu kama kitanda, na kila mwisho wa mwezi akatuma pesa kijijini Kithimani kwa kaka yake Kimanzi.

Pesa za mwanzo zilinunua ng'ombe wa maziwa. Kikaja kiangazi, ng'ombe wakafa mmoja mmoja. Zilizofuata zilichimba kisima upande wa juu wa shamba, mbali na mfereji wa umwagiliaji, na mashine ikashuka na kushuka mpaka ikatoa vumbi tupu. Kimanzi hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa matumaini makubwa, na matumaini yake yalikula kuliko wale ng'ombe.

Siku moja mwanamke wa Kihabeshi aliyefanya naye kazi kwenye mashine ya pasi alifungua leso akamwonyesha sarafu. Ilikuwa ya silva safi, yaani madini ya fedha, uzito wa wakia moja, nzito mkononi kuliko ilivyoonekana kwa macho.

"Hii hainywi maji," yule mwanamke alisema. "Haiugui. Na hakuna mtu atakupigia simu kukuambia imekufa."

Ijumaa iliyofuata walikwenda pamoja Deira, kwenye mtaa wa masonara. Nzilani aliuliza maswali mengi mpaka mwenye duka akachoka. Alielewa kwamba sarafu huuzwa kwa bei ya juu kidogo kuliko silva yenyewe, na kwamba ukiirudisha kesho hupati ulichotoa. Kwa hiyo ni kitu cha kununua na kusahau. Akanunua moja. Mwezi uliofuata akanunua nyingine. Ili apate za kununulia, alimpigia Kimanzi simu akamwambia hoteli imepunguza mishahara.

Mkataba wake ulikwisha mwaka wa 2023. Wenzake walimshauri azishonee sarafu ndani ya pindo la blanketi, azipitishe kimyakimya. Yeye alizipanga kwenye vikopo vyake vya plastiki, akazitia kwenye begi la mkononi pamoja na risiti zote, na alipofika Nairobi akaenda mwenyewe kwenye meza ya forodha. Afisa, msichana mwenye sauti ya upole, alifungua kikopo kimoja akatoa sarafu.

"Hizi ni pesa za wapi, mama?"

"Si pesa za kutumia. Ni silva. Nimenunua nikaweka akiba."

Sarafu zilipimwa. Mkubwa wa yule afisa akaitwa, naye akaita mwingine. Nzilani alikaa kwenye benchi akiangalia abiria wengine wakisukuma masanduku yao nje. Mwishowe aliambiwa kodi anayotakiwa kulipa, akalipa, akapewa karatasi yenye muhuri. Kodi ilimuuma, lakini alitoka pale bila kugeuza shingo.

Nyumbani alivifukia vikopo ndani ya pipa la mbaazi, chumbani kwa mama yake. Mama yake, Nthambi, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Ni nini hizo?"

"Ni akiba yangu, mwaitu," akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Usiambie mtu."

"Mimi niambie nani?"

Na kweli Nthambi hakumwambia mtu. Nzilani akalima mishiri, maharage machanga ya kuuza, na sukuma kwenye kipande chao cha chini, kile kinachopata maji ya mfereji, na miaka miwili ikapita hivyo. Kimanzi aliishi na mke wake na watoto ng'ambo ya barabara. Hakuwahi kumuuliza dada yake alirudi na nini. Alimwonea huruma.

Kisha ikafika Jumapili ya mavuno kanisani. Watu walileta magunia ya mahindi, miwa, maboga, kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada vitu vilitolewa uwanjani vipigwe mnada, na mzee wa kanisa aitwaye Makau akashika kazi ya kunadi, kwa kuwa ana sauti inayofika mpaka barabarani. Aliuza maboga, akauza jogoo. Kisha akatia mkono ndani ya kikapu cha sadaka, akainua kitu kidogo kilichopigwa na jua.

"Hapa niko na kitu, sijui ni shilingi ya nchi gani," Makau alisema. "Lakini inang'aa. Nani ananipatia mia mbili?"

Nzilani aliitambua kabla Makau hajamaliza kusema. Alimtafuta mama yake kwa macho. Nthambi alikuwa ameketi safu ya mbele, mikono juu ya mapaja, akitazama moja kwa moja mbele.

Mia mbili ikawa mia tano, mia tano ikawa elfu. Nzilani angeweza kuinua mkono. Alijua pia kwamba akiuinua, ataulizwa anaitakia nini, na uongo mwingine hakuwa nao tayari. Sarafu ikamwangukia mwalimu Onesmus, mstaafu wa shule ya msingi, kwa elfu moja na mia mbili.

"Hii imetolewa na nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Na mama Kimanzi," Makau alijibu kwa furaha. "Mungu ambariki."

Watu walipiga makofi. Kisha, polepole, vichwa vikaanza kumgeukia Nzilani, mmoja baada ya mwingine, maana kila mtu alijua Nthambi hajawahi kuvuka hata Thika.

Njiani kurudi nyumbani Nzilani alingoja hadi walipopita posho mill, pale mahindi yanaposagwa.

"Mwaitu, kwa nini?"

"Ulirudi mzima," Nthambi alisema. "Wengine wameletwa ndani ya sanduku. Niliomba Mungu urudi na miguu yako, ukarudi. Sasa nimpee kuku?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Ni kweli angekataa.

Kesho yake asubuhi Kimanzi alifika. Hakuketi. Mama yake alipomwandalia chai aliisukuma kando.

"Ziko ngapi?" alimuuliza dada yake.

"Ziko za kutosha, Baba Emily." Alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo heshima.

"Uliniambia hoteli imepunguza mshahara."

"Nilikudanganya."

Kimanzi aliteremsha sauti. "Unajua nilikuwa naambia hawa watoto nini? Nilikuwa nawaambia wasiombe viatu, shangazi yao ako na shida huko. Hata tulikuwa tunakuombea."

Nzilani alikuwa amejitayarisha kwa hasira, na maneno yake yote yalikuwa ya kupambana na hasira. Hii haikuwa hasira.

"Basi uza," Kimanzi akasema. "Uza tuchimbe kisima kingine, safari hii karibu na mfereji. Huko maji hayawezi kosa."

"Hapana."

Kimanzi alivaa kofia yake akaondoka. Kwa wiki kadhaa walipishana barabarani wakisalimiana kama majirani tu.

Siri ilikuwa imeshatoka, na iliendelea kutembea yenyewe, ikibadilika njiani. Mwanamume mgeni alikuja akiuliza kama wanauza zebaki. Mwingine alitaka kujua ni kweli Wakamba wa Dubai wamepewa dawa ya kuvuta pesa. Asubuhi moja Nzilani alikuta kufuli la mlango wa mama yake limekwaruzwa kwa chuma. Siku hiyo alichukua sarafu moja akaenda nayo mjini Matuu, kwa Kaltun, Msomali muuza nguo ambaye familia yao hununua leso kwake tangu zamani.

"Habari ya mama?" Kaltun aliuliza.

"Ni mzima, Mama Warsan. Nimekuja na kitu nataka uone."

Kaltun aliipokea sarafu, akaipima kiganjani, akaigonga kwa ukucha na kuisikiliza.

"Mama yangu alikuja hapa kutoka Garissa na bangili sita za silva," alisema. "Siku amekufa alikuwa na moja. Zile zingine ndizo sisi. Tulizila, tukazivaa, mimi nikasoma." Akamrudishia. "Bangili ikikaa sana mkononi inasumbua. Niko na mtoto wa shemeji yangu Eastleigh, sonara. Anaitwa Abdiwahab. Mwambie ni mimi nimekutuma, lakini usiuze kwa bei ya kwanza."

Nzilani akapanda gari hadi Eastleigh, Nairobi. Abdiwahab alikuwa kijana mchangamfu mwenye mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo.

"Sarafu hapa hakuna mtu ananunua kama sarafu," alimwambia. "Sisi tunayeyusha. Hiyo picha iko juu yake mimi silipi."

Bei ya kwanza Nzilani aliikataa. Alizunguka kwa masonara wengine wawili, akakuta bei zao ni mbaya zaidi, akarudi. Lakini mwaka huo wa 2025 bei ya silva ilikuwa imepanda duniani kote, na Abdiwahab alijua kwamba mteja wake anajua. Walikubaliana bei iliyo chini ya ile ya dunia iliyosomeka kwenye simu. Hata ukitoa ile kodi ya uwanja wa ndege, bado ilikuwa karibu mara mbili ya alichotoa Deira. Aliuza zaidi ya nusu, na zilizobaki akazipeleka kwenye kabati la chuma la benki.

Kabla ya kuzitumia pesa alikwenda kwa mwalimu Onesmus, akamweleza sarafu ile ni kitu gani hasa. Mwalimu alimwita mke wake, naye akatokea nayo ikiwa imening'inia shingoni kwa mnyororo. Fundi alikuwa ameitoboa tundu karibu na ukingo.

"Nikurudishie?" mwalimu aliuliza.

"La, mwalimu. Ilitolewa sadaka ikapigwa mnada. Nilitaka tu ujue."

"Basi nimejua," alisema mwalimu, na mke wake akairudisha ndani ya blauzi.

Nzilani alikodi chumba Matuu, nyuma ya kituo cha mafuta, akanunua mashine mbili kubwa za kufulia na moja ya kukaushia. Alihitaji mtu wa kuweka tangi na mabomba. Mafundi wako wengi Matuu, ila alivuka barabara hadi kwa Kimanzi, akamweleza kazi na malipo kama ambavyo angemweleza fundi yeyote. Kimanzi alifikiri kidogo, akauliza maji yatatoka wapi, na Jumatatu akafika na vyombo vyake.

Mabomba aliyoyaweka hayavuji. Sasa hoteli ndogo na gesti za Matuu huleta mashuka, na shule za bweni huleta blanketi wakati wa kufunga. Kimanzi hupita mara kwa mara kukagua tangi, na huzungumza na dada yake kuhusu bei ya sabuni na bili ya stima. Ya Dubai hawajayagusa tena. Stima inapopotea, ambayo ni mara nyingi, mashine husimama, na Nzilani na wasichana wawili aliowaajiri hukamua mashuka kwa mikono, mmoja huku na mwingine kule, na Nthambi akiwa amekuja sokoni huketi kwenye kigoda mlangoni akikunja yaliyokwisha kukauka.